Mafunzo ya vitendo ya vichafuzi na vijidudu vya udongo: mwongozo kwa anayeyaendesha

Mtafiti mgeni akiingia kwenye mafunzo haya, hamu yake huwa moja: atie sumu kwenye udongo, aone vijidudu vinavyoitikia. Mimi humzuia siku mbili nzima. Vijidudu vya udongo huitikia kila kitu: kuchimbwa, kuchekechwa, kukauka, kulowa, kupata joto. Kichafuzi unachoongeza ni jambo moja tu kati ya mengi uliyoufanyia udongo ule. Asiyejua mkono wake mwenyewe umeleta tofauti kiasi gani, hana njia ya kujua sumu imeleta kiasi gani.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza hapa unaanza na mkono, ndipo sumu ifuate. Nimeujenga juu ya udongo na shaba, kwa siku kumi za maabara. Shaba ni mwalimu mzuri. Seli zinaihitaji kidogo, ikizidi inaziua. Chumvi yake inayeyuka vizuri majini, rangi yake ya buluu unaiona kwa macho, haivukizi na haiozi: uliyoitia leo utaikuta humo mwezi ujao. Vichafuzi vya mafuta vina tabia nyingine, nitavigusa baadaye.

Wiki tano kabla washiriki hawajafika

Miongozo miwili ya vipimo ya OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi), namba 216 kwa mabadiliko ya nitrojeni na namba 217 kwa kaboni, inaupa udongo siku 28 ndani ya kichafuzi. Mafunzo ya siku kumi hayawezi kusubiri hivyo. Suluhisho ni kuandaa seti mbili za chupa. Seti ya kwanza unaianza wewe mapema, ili washiriki waikute imeshakaa na shaba siku 28. Seti ya pili wataianza wenyewe, wajifunze kuiandaa. Chupa za seti ya kwanza ziandike herufi tu, na orodha ya dozi ifungie kwenye bahasha. Mtu akijua chupa ipi ina sumu nyingi, macho yake yataanza kumsaidia kuhesabu.

Udongo chukua wa tabaka la juu, kutoka sehemu kadhaa za shamba moja, mahali ambapo hapajapigwa dawa wala kutiwa mbolea karibuni. Upitishe kwenye chekeche la milimita 2. Ukiwa mbichi mno hautapita, basi utandaze kivulini kwa muda mfupi, ukiugeuza, ila usiuache ukauke. Udongo uliokauka ukilowa tena hupumua kwa kishindo kwa siku kadhaa, jambo ambalo H. F. Birch alilieleza mwaka 1958 na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kishindo hicho kitafunika athari yoyote ya shaba uliyokuwa unaitafuta.

Uhifadhi gizani kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, mfuko ukiwa haujakazwa ili hewa ipite, na usizidishe miezi mitatu. Udongo uliogandishwa unafaa kwa DNA, haufai kwa vipimo vya uhai. Wiki moja kabla ya kutia shaba, utoe ukae kwenye nyuzi 20 uamke. Wiki hiyo ndiyo inayofanya maandalizi yaanze wiki tano kabla badala ya nne. Wengi huiruka, na mimi nasisitiza isirukwe.

Siku ya kwanza: maji na mizani

Siku hii haina kijidudu hata kimoja cha kutazama, na ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote.

Kila mshiriki apime mambo mawili. La kwanza ni unyevu: pima udongo, ukaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, upime tena. La pili ni kiasi cha juu cha maji ambacho udongo unaweza kushika: uloweshe hadi ushibe, uache utiririke juu ya karatasi ya chujio huku umefunikwa, kisha upime na kuukausha. Lengo la majaribio mengi ni kuuweka udongo kati ya asilimia 40 na 60 ya kiasi hicho. Chini ya hapo vijidudu vina kiu, juu ya hapo oksijeni inakosa njia.

Sasa hesabu, na ifanyike kwa kalamu kabla ya kompyuta. Tuseme udongo wako una gramu 12 za maji kwa kila gramu 100 za udongo mkavu, na unaweza kushika gramu 40. Unataka nusu ya hizo, yaani gramu 20. Kwa hiyo unapima gramu 112 za udongo mbichi kwa kila chupa na unaongeza mililita 8. Hizo mililita 8 ndizo zitakazobeba shaba, na kila chupa lazima ipate 8, pamoja na zile zisizopewa shaba.

Hili la mwisho nililijua kwa kuumia. Jaribio langu la kwanza la aina hii niliandaa chupa za shaba kwa uangalifu mkubwa, kila moja ikapata myeyusho wake. Zile za kulinganishia sikuzitia kitu, nikiona hazihitaji chochote. Baada ya wiki nikakuta chupa zenye shaba kidogo zinapumua kuliko zisizo nayo, nikaanza hata kuandika aya nzuri kuhusu dozi ndogo ya shaba inavyochangamsha vijidudu. Kilichokuwa kimevichangamsha ni maji. Wiki sita za kazi zilikwenda na aya ile.

Siku ya pili: mkono bila sumu

Mpe kila mshiriki udongo uleule aandae chupa nne zinazofanana kabisa, zote bila shaba. Apime kupumua kwa kila moja, kwa njia nitakayoieleza chini, kisha akokotoe wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika), agawanye wa pili kwa wa kwanza na kuzidisha kwa 100. Miongozo ya OECD niliyoitaja inataka chupa za kulinganishia zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 15. Anayepata asilimia 30 hana kosa la kuonewa aibu, ana chanzo cha kutafuta. Mara nyingi ni kifuniko kisichobana, udongo usiochanganywa vizuri, au pipeti iliyozamishwa hadi shingoni ikabeba matone nje ya ncha. Pipeti ijaribiwe kwa mizani: mililita moja ya maji izunguke gramu moja, mara kumi mfululizo.

Hapohapo fafanua maana ya rudio. Chupa nne zilizotiwa shaba kila moja peke yake ni marudio manne. Chupa moja iliyopimwa mara nne ni rudio moja. Stuart Hurlbert aliandika juu ya kosa hili mwaka 1984 na bado linaonekana kila mahali, hasa kwenye kazi za DNA ambako mirija mingi hutoka kwenye chupa moja na kuhesabiwa kana kwamba ni chupa nyingi.

Siku ya tatu: kutia shaba

Dozi zipande kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha: 0, 10, 32, 100, 320 na 1000, zote kwa miligramu za shaba kwa kilo ya udongo mkavu. Dozi sita kwa marudio manne ni chupa 24. Ongeza chupa tatu tupu zisizo na udongo, utaziona kazi yake muda si mrefu.

Salfeti ya shaba yenye maji yake, ile ya fuwele za buluu, ina shaba kama asilimia 25.5 ya uzito. Kwa dozi ya 100, chupa yenye gramu 100 za udongo mkavu inahitaji miligramu 10 za shaba, yaani miligramu 39.3 za chumvi, ndani ya zile mililita 8. Usipime miligramu 39 chupa kwa chupa. Yeyusha miligramu 491 kwenye mililita 100 za maji, halafu gawa mililita nane nane. Dozi nyingine fuata hesabu hiyohiyo.

Dondosha myeyusho tone kwa tone huku ukigeuza udongo kwa kijiko. Ukimwaga mahali pamoja utapata bonge lililouawa na udongo uliobaki salama, na vipimo vyako vitasoma mchanganyiko wa hayo mawili. Koroga chupa ya dozi 0 kwa muda uleule, kwa mikono ileile.

Kuna mgeni anayeingia na shaba bila kukaribishwa: asidi. Shaba ikishika chembe za udongo inasukuma nje ioni za haidrojeni, na pH (kipimo cha asidi, hushuka asidi ikizidi) inashuka, hasa kwenye dozi kubwa. Pima pH ya kila dozi baada ya siku mbili tatu. Ikiwa imeshuka sana, andaa chupa za ziada zisizo na shaba ambazo umeishusha pH yake kwa asidi hadi kiwango hichohicho. Bila hizo, utasema shaba imeua bakteria walioteswa na asidi. Kumbuka pia kwamba shaba yote iliyomo siyo inayovifikia vijidudu. Udongo wa mfinyanzi wenye mboji nyingi huificha nyingi, udongo wa kichanga huiacha wazi, na ndiyo maana namba ya udongo mmoja haihamishwi kwenda udongo mwingine bila maelezo.

Kupima pumzi

Ndani ya kila chupa weka kikombe kidogo chenye mililita 10 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M (M ni kipimo cha ukolezi wa myeyusho), funga kwa kubana, acha saa 24. Kaboni dioksaidi inayotoka kwenye udongo inanaswa humo. Kisha toa kikombe, ongeza bariamu kloridi ili kaboneti itue kama maziwa meupe, dondosha fenolftaleini (kiashiria kinachogeuka waridi kwenye alkali), na utie asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M tone kwa tone hadi rangi ya waridi iondoke.

Hapa mwalimu asimame karibu. Waridi hupotea kwa tone moja, halafu hurudi kidogo ukitikisa. Anayefanya kwa haraka hupitiliza, na kila mililita moja ya asidi ni miligramu 2.2 za kaboni dioksaidi. Zile chupa tatu tupu zinafanya kazi yake sasa, maana hata hewa ya chumbani ina kaboni dioksaidi na sodiamu haidroksaidi huinasa tangu unapofungua chupa yake. Wastani wa tupu, toa asidi iliyotumika kwa chupa ya udongo, hiyo tofauti ndiyo pumzi ya udongo. Ikiwa zaidi ya nusu ya sodiamu haidroksaidi imetumika, punguza saa au punguza udongo. Bariamu kloridi ni sumu ikimezwa, mabaki yake yana chupa yake ya taka.

Waonye washiriki kwamba pumzi ni kipimo kigumu kutetereka. Aina nyingi mno za bakteria na kuvu hupumua, wengine wakifa wengine wanashika nafasi. Tena waliokufa ni chakula: katika siku za mwanzo dozi kubwa inaweza kuonyesha pumzi imepanda, kwa sababu waliosalia wanakula maiti. Aliyepima siku ya tatu tu ataandika kinyume cha aliyepima siku ya 28.

Nitriti: kazi ya wachache

Ndiyo maana kipimo cha pili ni cha lazima. Kubadilisha amonia kuwa nitriti hufanywa na vikundi vichache vya bakteria na akea (vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini ni kundi lingine), na wakidhoofika hakuna umati wa kuziba pengo. Kwa mafunzo mafupi napenda njia ya kiwango cha kimataifa cha ISO 15685, inayomalizika kwa saa chache: udongo kidogo unatikiswa ndani ya maji yenye amonia, ukiongezewa klorati ambayo inazuia nitriti isiendelee kuwa nitrati. Nitriti inajikusanya, unachota sampuli baada ya saa 2 na baada ya saa 6, unazichuja, unatia kemikali ya rangi.

Hakuna dakika inayofundisha kuliko hii. Mirija 24 imepangwa kwa herufi, na waridi inajitokeza kwa kila mmoja kwa kiwango chake: mingine mikali kama ua, mingine hafifu, mingine maji matupu. Washiriki bado hawajui dozi, lakini mikono yao inaanza kuipanga mirija wenyewe. Waache waipange. Kisha wasome kwenye spektrofotomita, mashine inayopima ukali wa rangi, kwa sababu jicho haliandiki namba. Klorati iweke mbali na asidi na mbali na chochote kinachoungua.

Sahani za agari

Pima udongo mbichi unaolingana na gramu 10 za mkavu, tia kwenye mililita 90 za maji ya chumvi yaliyotakaswa, tikisa nusu saa, kisha punguza mara kumi kumi: mililita 1 ndani ya 9. Tandaza mililita 0.1 kwenye agari (rojo iliyoganda ya kuoteshea vijidudu) isiyo na lishe nyingi, kama R2A, na uhesabu sahani zenye makoloni, yaani madoa ya bakteria walioota, kati ya 30 na 300. Makoloni 84 kutoka kwenye mrija wa upunguzaji wa mara 100,000 ni 84 mara 10 mara 100,000, yaani milioni 84 kwa gramu.

Tazama mkono wa mshiriki anapochota. Udongo unatua haraka. Akitikisa mrija, akauweka chini, akajibu swali la mwenzake, halafu akachota juu, amechota maji. Tikisa, chota hapohapo, kina kilekile, na ubadilishe ncha kila hatua.

Sahani zikishaota zifungwe kwa utepe na zisifunguliwe. Udongo hubeba pia bakteria wa magonjwa, akiwemo wa pepopunda. Na isisahaulike kwamba sehemu kubwa ya vijidudu vya udongo haioti kwenye sahani kabisa. Sahani inafundisha usafi wa mkono na inatoa bakteria wa kuwafanyia majaribio baadaye. Haitoi sensa ya udongo.

DNA

Sampuli za DNA zigandishwe siku ileile zinapochukuliwa, kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri ukiwa nayo friza hiyo, na pamoja nazo ziwepo sampuli za siku ya 0. Kila awamu ya kutoa DNA iwe na mrija mmoja usio na udongo. Kemikali zenyewe huja na DNA kidogo ya bakteria, na mrija huo tu ndio utakaokuambia.

Rangi ya kahawia ikibaki kwenye DNA yako, hiyo ni asidi ya humiki, nayo huzuia PCR, mbinu ya kunakili DNA kwa mizunguko ili iweze kupimwa. Shaba pia inaweza kuizuia. Hili ni hatari kwa utafiti wetu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu dozi kubwa itaonekana ina bakteria wachache kumbe ni mashine iliyozuiwa. Dawa yake ni rahisi: pima DNA kamili na ileile iliyopunguzwa mara kumi. PCR ikifanya kazi sawasawa, iliyopunguzwa itachelewa kwa mizunguko kama 3.3. Ikichelewa mmoja tu, au isichelewe, kuna kizuizi, na namba za DNA kamili usizitumie.

Jeni ya 16S kwa bakteria na akea, ITS kwa kuvu, amoA kwa wale wanaogeuza amonia: hizo zatosha kwa mafunzo. Uchambuzi wa mfuatano, yaani kusoma herufi za DNA ili kutambua makundi yaliyomo, una mtego mmoja ambao nautolea mfano wa shanga kila mara. Weka mezani shanga 100 nyekundu na 900 nyeupe. Nyekundu ni asilimia 10. Ondoa nyeupe 500. Nyekundu sasa ni asilimia 20, na hakuna hata moja iliyoongezeka. Mashine inakupa sehemu, haikupi idadi. Usiandike kundi fulani limestawi kwa shaba kabla hujazidisha sehemu yake kwa jumla uliyoipata kwa qPCR, yaani PCR inayohesabu nakala za jeni. Na DNA ya waliokufa hudumu udongoni kwa muda, kwa hiyo pumzi na nitriti zinaweza kuanguka wiki kadhaa kabla DNA haijaonyesha lolote.

Ukiwa na mafuta badala ya shaba

Dizeli au kemikali za mafuta haziyeyuki majini, hivyo hubebwa na asetoni. Asetoni nayo inaua. Chukua sehemu moja ya kumi ya udongo, itie myeyusho, iache asetoni ivukize yote ndani ya kabati la kuvuta hewa, kisha ichanganye na tisa zilizobaki. Utahitaji chupa za kulinganishia za aina mbili: zilizopitia asetoni bila mafuta, na ambazo hazikuguswa. Na kwa kuwa baadhi ya vijidudu vitaila dizeli yenyewe, pumzi ikipanda usiiite afya.

Kusoma matokeo, kisha bahasha

Mchoro uchorwe kwanza, bahasha ifunguliwe baadaye. Kila kikundi kibandike ukutani nukta zote za kila chupa, si wastani pekee, na kiziweke herufi kwa mpangilio kinaoamini. Ndipo dozi zisomwe. Baada ya hapo wachore mkunjo wa dozi na mwitikio, watafute dozi inayopunguza nitriti kwa nusu, na waiweke kando ya ile inayopunguza pumzi kwa nusu, ikiwa ipo. Pengo kati ya mbili hizo ndilo jambo ningetaka mshiriki aondoke nalo.

Muda ukiruhusu, chukua chupa za dozi 0 na 320 zilizokaa siku 28, uzipe zote mbili dozi mpya za shaba kwa saa chache na upime nitriti tena. Jamii iliyoishi na shaba ikivumilia zaidi, maana yake dhaifu wameondoka na wenye uvumilivu wamebaki. Hans Blanck na wenzake waliipendekeza njia hii mwaka 1988, na nguvu yake ni kwamba uvumilivu huelekeza kidole kwa kichafuzi chenyewe kuliko kupungua kwa idadi tu. Hakikisha shaba ya zamani inayobebwa na sampuli umeijumlisha kwenye dozi mpya.

Kufunga maabara

Sahani na mirija yenye vijidudu vipite kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, ya nyuzi 121. Udongo wa shaba usidhani umesalimika kwa kupita humo: joto linaua bakteria, shaba inabaki yote. Udongo huo, pamoja na maji ya kuoshea chupa za dozi kubwa, uende kwenye ndoo ya taka za metali, usimwagwe sinki wala nje. Chenye asetoni au dizeli kisiingie otoklevu kabisa. Kila ndoo iandikwe kilichomo, kiasi chake, tarehe, na jina la aliyeifunga, kabla mtu wa mwisho hajavua koti.